McCollum: Mtoto wa mkulima aliyefuga panya akaipata vitamini A

Mwanzoni mwa mwaka 1908, katika chuo cha kilimo cha jimbo la Wisconsin nchini Marekani, mtaalamu mmoja kijana wa kemia alikuwa akitega panya katika mabanda ya chuo. Wakulima wa huko, kama wa kwingine kokote, walitega panya ili wawaue. Yeye aliwataka wakiwa hai, kwa sababu alikusudia kuwafuga, kuwapimia chakula kwa mizani na kuandika uzito wa kila mmoja siku baada ya siku.

Kijana huyo aliitwa Elmer Verner McCollum. Alikuwa na umri wa miaka 28, shahada ya juu kabisa ya kemia na mshahara wa serikali. Kazi ya panya, ambayo mkuu wa chuo hakuipenda hata kidogo, ndiyo iliyokuja kuonyesha kwamba ndani ya siagi, kiini cha yai na majani mabichi mna kitu ambacho mwili usipokipata haukui, na macho huharibika. Leo kitu hicho kinaitwa vitamini A. Mwenye duka anayeuza mafuta ya kula yaliyoongezwa vitamini A, mkulima wa viazi vitamu vya rangi ya chungwa na mama anayempeleka mwanawe kliniki kupewa matone ya vitamini hiyo, wote wanaguswa na hesabu zilizoanzia kwenye vizimba vile.

Maganda ya tufaa

McCollum alizaliwa Machi 3, 1879 katika shamba karibu na mji wa Fort Scott, jimbo la Kansas. Wazazi wake walikuwa wakulima wasio na elimu kubwa. Mama yake alikuwa amesoma kwa muda mfupi sana, na labda kwa sababu hiyo aliapa kwamba watoto wake watasoma, wa kike na wa kiume.

Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja hivi nusura afe. Aliachishwa ziwa mapema kwa kuwa mama alikuwa mjamzito, akawa analishwa maziwa yaliyochemshwa na viazi vilivyopondwa. Fizi zikavimba na kutoka damu, viungo vikauma, na ngozi ikaingia madoa. Ulikuwa ugonjwa wa kiseyeye, ingawa pale shambani hakuna aliyeutambua. Siku moja mama yake alikuwa akimenya matufaa huku amempakata, akampa mtoto makwangulio ya tunda yaliyobaki kwenye maganda. Mtoto aliyapokea kwa uchu. Mama akampa tena kesho yake na siku zilizofuata, na baada ya muda akapona. Miaka mingi baadaye McCollum mwenyewe ndiye aliyetambua kilichomponya: matunda mabichi yana vitamini C, na maziwa yaliyochemshwa sana huipoteza.

Aliishi shambani miaka 17 ya kwanza. Mwaka 1896 familia ilihamia mji wa Lawrence ili watoto wapate sekondari na chuo kikuu. Baba alikuwa mgonjwa na fedha zilikuwa haba, hivyo kijana alijisomesha kwa vibarua, kikiwemo cha kuwasha taa za gesi za barabarani kila jioni. Alimaliza shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1903, ya pili mwaka 1904, na ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1906. Alisomea kemia. Mambo ya lishe yalimkuta njiani, kwa sababu nafasi ya kazi iliyopatikana ilikuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo.

Ng'ombe 16 wa Wisconsin

Mwaka 1907 alipofika Wisconsin alikuta jaribio limeanza. Wataalamu wa wakati ule walikuwa na kanuni yao ya kutengeneza chakula cha mifugo. Walipima protini, wanga, mafuta na madini. Ikiwa vyakula viwili vilikuwa na vipimo sawa, walivihesabu kuwa na thamani sawa, na mkulima akashauriwa kununua kile cha bei nafuu.

Mzee mmoja wa chuo hicho, Stephen Babcock, hakuiamini kanuni hiyo. Babcock ndiye aliyebuni mwaka 1890 kipimo cha mafuta katika maziwa, kipimo kilichowawezesha wafugaji kulipwa kulingana na ubora wa maziwa yao na kuwabana waliokuwa wakitia maji. Hakukikatia hataza wala hakudai malipo kwa kukitumia. Kwa wafugaji wa Wisconsin neno lake lilikuwa zito.

Kwa ushawishi wake, na chini ya usimamizi wa Edwin Hart, mitamba 16 iligawanywa katika makundi manne ya ng'ombe wanne wanne. Kundi la kwanza lilikula mmea wa mahindi peke yake: punje, majani na mabua. La pili lilikula mmea wa ngano peke yake. La tatu lilipewa oti, ile nafaka inayopendwa kulishwa farasi, na la nne likapewa mchanganyiko wa zote tatu. Vipimo vya maabara vilisawazishwa ili makundi yote yapate protini na nguvu sawa.

Kama kanuni ile ingekuwa ya kweli, ng'ombe wote wangekuwa na hali moja. Haikuwa hivyo. Wa mahindi walinenepa, manyoya yakang'aa, wakazaa ndama wenye nguvu kwa wakati wake. Wa ngano walikonda, wakaanza kupofuka, na ndama wao walizaliwa wiki kadhaa kabla ya siku zao, wakafa. Wa oti walikuwa katikati. Jaribio liliendelea miaka minne na taarifa yake ikatolewa mwaka 1911.

Kazi ya McCollum ilikuwa kutafuta sababu. Alipima chakula, maziwa, damu, mkojo na kinyesi cha ng'ombe hao, na hakuona tofauti yoyote ya maana. Ng'ombe wa ngano alikuwa akipofuka mbele ya macho yake, na mizani ya maabara ikisema kila kitu kipo. (Baadaye ilikuja kujulikana kwamba mahindi yale yalikuwa ya njano. Msomaji aliweke hilo akilini.)

Panya kwa fedha za walipa kodi

McCollum alinunua vitabu vya mwaka vya Kijerumani vilivyokuwa na muhtasari wa tafiti za kemia ya mwili, akavisoma kimoja baada ya kingine. Aligundua kwamba mara 13, kati ya mwaka 1873 na 1906, watafiti mbalimbali walikuwa wamewalisha wanyama wadogo chakula kilichosafishwa cha protini, wanga, mafuta na chumvi. Kila mara wanyama hao walidhoofika na kufa. Wengi waliachia hapo. Yeye aliona kwamba swali kubwa kuliko yote katika kilimo ni hili: ni nini kilichokosekana?

Hoja yake kuhusu panya ilikuwa ya kiuchumi kabisa. Ng'ombe anakula kingi, anaishi muda mrefu na huzaa ndama mmoja kwa mwaka, kwa hiyo jaribio moja linachukua miaka. Panya anakula gramu chache tu, anakua haraka, anazaa wengi, na maisha yake yote hayazidi miaka mitatu. Mkuu wa chuo, Harry Russell, alikataa. Panya ni adui wa ghala, na ikisikika kwamba chuo cha kilimo kinatumia fedha za wakulima kuwalisha panya, nani atakitetea bungeni? Babcock alimwambia kijana aanze kimya kimya.

Panya wa mwituni aliowatega walikuwa wakali, hawashikiki. Akaamua kununua panya weupe dazeni moja kutoka kwa mfanyabiashara wa wanyama mjini Chicago, akalipa kwa fedha zake mwenyewe. Kundi hilo dogo ndilo lililoanzisha ufugaji wa panya kwa ajili ya utafiti wa lishe nchini Marekani.

Kuhudumia panya, kupima chakula na kufundisha darasani kulikuwa kazi ya watu wawili au watatu. Mwaka 1909 alijitokeza binti aliyeitwa Marguerite Davis, mhitimu wa chuo kikuu, akajitolea kuwatunza panya hao. Alifanya kazi hiyo kwa miaka bila mshahara, licha ya maombi ya McCollum kwa wakubwa kwamba alipwe. Jina lake limo katika taarifa ya mwaka 1913 sambamba na la bosi wake, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mwanamke wa wakati ule. Lakini jina halinunui mkate. Yeyote anayehesabu gharama za ugunduzi wa vitamini A na ahesabu pia jasho hilo lisilolipwa.

Siagi na mafuta ya zeituni

Panya walilishwa protini ya maziwa, sukari ya maziwa, chumvi na mafuta. Waliopewa mafuta ya nguruwe au ya zeituni walikua vizuri kwa miezi miwili, mitatu au minne, kisha wakasimama. Walipobadilishiwa na kupewa mafuta yaliyotolewa kwenye siagi au kiini cha yai, wakaanza kukua tena. Kanuni ya zamani ilisema mafuta ni mafuta, tofauti ni bei tu. Panya walikataa.

Bado mtu angeweza kusema siagi ina ladha nzuri tu. McCollum hapo awali mwenyewe aliwahi kuandika kwamba panya wanadhoofika kwa sababu chakula hakina ladha, akaumbuka. Safari hii alitaka ushahidi usiopingika. Akachukua siagi, akaigeuza kuwa sabuni kwa kuichanganya na magadi makali, akaiyeyusha sabuni hiyo majini, kisha akaitikisa pamoja na mafuta ya zeituni. Mafuta ya zeituni yalipotenganishwa yalikuwa yamebeba kitu kutoka kwenye siagi. Panya waliopewa mafuta hayo, ambayo jana yake hayakuwa na faida yoyote kwao, walikua. Kitu hicho hakikuwa mafuta yenyewe, bali kiliishi ndani ya mafuta na kingeweza kuhamishwa.

Watafiti wawili wa kule kwao Yale, Thomas Osborne na Lafayette Mendel, walifikia jambo hilo hilo mwaka huo huo wa 1913. Taarifa ya McCollum na Davis ilipokelewa na jarida wiki tatu tu kabla ya yao. Wiki tatu hizo zimezua mjadala ambao wanahistoria wa sayansi hawajauchoka hadi leo. Mwaka 1916 McCollum na msaidizi wake Cornelia Kennedy walipendekeza majina ya herufi: A kwa kile kinachoyeyuka katika mafuta na B kwa kile kinachoyeyuka katika maji. Mwaka 1920 Mwingereza Jack Drummond alirahisisha majina hayo kuwa vitamini A, B na C, kama tunavyoyajua.

Alipokosea

Itakuwa si haki kumwandika McCollum kama mtu asiyekosea. Mwaka 1917 alitoa taarifa akipinga kwamba kiseyeye kinatokana na upungufu wa kirutubisho. Alisema nguruwe-panya wa maabara walikuwa wakiugua kwa sababu ya kufunga choo. Huyu ndiye mtoto aliyeponywa na makwangulio ya tufaa! Alikuwa akipima kwa panya, na panya hutengeneza vitamini C mwilini mwake, kwa hiyo haugui kiseyeye. Aliamini mno chombo chake kimoja.

Mwaka huo huo alihamia Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, akiwa miongoni mwa walimu wa kwanza wa shule yake mpya ya afya ya jamii. Hakuondoka Wisconsin kwa amani. Hart na Harry Steenbock, wenzake wa jaribio la ng'ombe, walimlalamikia hadharani kwamba amechapisha matokeo ya kazi ya pamoja bila kuwapa wenziwe haki yao. Uhasama huo haukuisha.

Mahindi ya njano, mahindi meupe

Steenbock, aliyebaki nyuma, ndiye aliyeuchukua mkia wa jambo. Aligundua kwamba vyakula vyenye vitamini A mara nyingi vina rangi ya manjano: siagi, kiini cha yai, karoti. Mwaka 1919 alionyesha kwamba panya waliolishwa mahindi ya njano walikua, na waliolishwa mahindi meupe walidumaa na macho yakaugua. Rangi ya manjano ya karoti inaitwa karotini, na majani mabichi pia yana karotini nyingi, isipokuwa rangi ya kijani huificha.

Laiti ng'ombe wa mwaka 1907 wangelishwa punje za mahindi meupe, matokeo yangeweza kuwa mengine, ingawa majani ya mahindi nayo yalichangia.

Lakini palikuwa na fumbo. Ini la mnyama halina rangi ya karoti, na bado lina vitamini A kuliko siagi. Ilikuwaje? Jibu lilitoka Cambridge, Uingereza, mwaka 1930, kutoka kwa Thomas Moore. Aliwapa panya karotini safi, akawapasua, akakuta maini yao yamejaa vitamini A isiyo na rangi. Mwili wenyewe huikata karotini na kuifanya vitamini. Mkulima anaweza kusema karotini ni mpunga na vitamini A ni mchele: anayekula majani ananunua mpunga na lazima akoboe mwenyewe, anayekula ini, yai au maziwa ananunua kilichokwisha kukobolewa.

Ukoboaji huo hautoi sawa kwa kila mnyama. Mbuzi na nyati wa maziwa huigeuza karotini karibu yote, ndiyo maana maziwa yao ni meupe pe ingawa vitamini A imo. Ng'ombe huacha karotini nyingi ipite, hasa wale wa Jersey na Guernsey, na siagi yao huwa ya manjano. Kwa hiyo mnunuzi anayeyadharau maziwa ya mbuzi kwa weupe wake anajidanganya. Vivyo hivyo kwa mayai. Rangi ya kiini hutokana zaidi na rangi nyingine za majani na mahindi ambazo mwili hauzigeuzi kuwa vitamini A. Kiini chekundu kinauzika, lakini si hati ya vitamini.

Damu inasema nini

Vipimo vya damu vya binadamu vimeongeza mambo ambayo McCollum asingeweza kuyaona kwa panya. Karotini na vitamini A haziendi pamoja katika damu. Karotini hufuata sahani: mtu akila karoti, maboga, kisamvu au mawese kwa wiki chache, karotini katika damu yake hupanda, na akiacha hushuka. Anayezidisha karoti hata viganja vyake huwa vya manjano, jambo lisilodhuru.

Vitamini A ina tabia nyingine. Ini ndilo ghala lake, na hulitoa kwenda kwenye damu kwa kipimo. Ghala likiwa na akiba, damu hubaki na kiwango kile kile hata kama mtu amekosa mboga kwa mwezi. Damu huanza kupungukiwa pale akiba inapokaribia kwisha. Madaktari huhesabu mtu kuwa na upungufu anaposhuka chini ya mikrogramu 20 kwa kila mililita 100 za seramu, yaani maji ya damu. Akifika hapo, mwenye ghala amekwisha kuzoa sakafu. Kutoona wakati wa magharibi ni dalili ya mapema, kisha macho hukauka, na kinga ya mwili dhidi ya surua na kuhara hudhoofu. Na kwa kuwa akiba hukaa, vitamini A yenyewe ikizidishwa kwa vidonge huweza kudhuru, hasa kwa mjamzito, tofauti na karotini ya mboga.

Hata kukoboa kuna hasara yake. Kwa hesabu zilizotolewa Marekani mwaka 2001, mikrogramu 12 za karotini ya chakula hutoa mikrogramu 1 ya vitamini A. Zamani ilidhaniwa 6 zinatosha. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti uliofanywa Indonesia kwa akina mama wanaonyonyesha, na waliopewa mboga za majani kila siku hawakuonyesha nafuu iliyotarajiwa katika damu. Karotini ya jani imefungwa ndani ya chembe za mmea. Kukatakata, kupika na kutia mafuta kidogo husaidia kuifungua, na minyoo tumboni huzuia. Mchicha wa chukuchuku, kwa hiyo, haufanyi kazi sawa na mchicha wenye karanga au nazi.

Karotini ya kiazi na ya tunda hupatikana kwa urahisi zaidi. Nchini Msumbiji, katika jimbo la Zambézia, kaya za wakulima zilipewa mbegu za viazi vitamu vya rangi ya chungwa pamoja na mafunzo, na wafanyabiashara wakasaidiwa kutafuta soko, hata mikate ikaokwa kwa viazi hivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha vitamini A katika damu za watoto imepanda. Mganda Robert Mwanga, aliyezalisha aina kadhaa za viazi hivyo ikiwemo Kabode, alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016. Zambia ilitoa mbegu za mahindi ya rangi ya chungwa mwaka 2012, kwani mahindi ya njano ya kawaida yana karotini kidogo. Rangi hiyo ya chungwa ina faida ya kibiashara pia: walaji wetu wamezoea kuyaona mahindi ya njano kama chakula cha msaada au cha kuku, lakini ya chungwa ni kitu kipya.

Siagi ya Denmark

Aliyeyaona mambo haya kwa watoto kabla ya vipimo vya damu kuwepo ni daktari Carl Bloch wa Copenhagen. Katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza alipokea watoto wengi wenye macho yaliyokauka, wengine wakapofuka kabisa. Ajabu ni kwamba Denmark ilikuwa miongoni mwa nchi zinazozalisha siagi nyingi duniani. Siagi hiyo ilikuwa ikiuzwa nje kwa bei nzuri, na familia maskini zikawa zinakula majarini ya mafuta ya mimea, na maziwa yaliyotolewa mafuta yote. Meli za kivita za Ujerumani zilipofunga njia ya baharini, siagi ikakosa mnunuzi, na mwishoni mwa 1917 serikali ikaanza mgawo wa gramu 250 kwa kila mtu kwa wiki kwa bei ya kumudu. Wagonjwa wakapungua ghafla. Vita vilipokwisha na siagi kurudi sokoni Ulaya, ugonjwa nao ukarudi.

Hiyo si hoja ya kukataza kuuza nje. Wakulima wa Denmark walihitaji fedha kama wakulima wa parachichi na maziwa wa leo. Lakini hesabu ya mauzo haikuwa na safu ya macho ya watoto, na hakuna aliyejua ilipasa kuwemo mpaka kazi ya McCollum ilipoeleza kilichokuwa kikisafirishwa ndani ya mapipa yale.

Huko Marekani wafugaji walifurahi kupita kiasi. Tangu mwaka 1902 majarini iliyotiwa rangi ya manjano ilitozwa kodi ya senti 10 kwa ratili, na isiyo na rangi robo ya senti tu. Wisconsin ilikuwa imepiga marufuku majarini ya manjano tangu 1895. Ugunduzi wa 1913 uliwapa watu wa siagi silaha mpya ya kisayansi, nao waliitumia bila huruma.

McCollum mwenyewe akawa sauti inayosikika nchi nzima. Kitabu chake kuhusu elimu mpya ya lishe kilitoka mwaka 1918, na kuanzia mwaka 1922 aliandika katika jarida la wanawake la McCall's kwa zaidi ya miaka 20. Alihimiza maziwa, mayai na majani mabichi, akaviita vyakula vya kinga. Mwaka 1922 pia, yeye na wenzake waliyachemsha mafuta ya ini la samaki huku wakipitisha hewa ndani yake hadi vitamini A ikaharibika. Mafuta hayo hayakuponya tena macho ya panya, lakini yaliendelea kuponya matege. Kumbe palikuwa na vitamini nyingine, nayo ikapewa herufi iliyofuata, D.

Wafanyabiashara wa majarini nao hawakulala. Vitamini ikishajulikana, inaweza kuongezwa, na kufikia miaka ya 1940 viwanda vya Marekani na Uingereza vilikuwa vikiitia vitamini A katika majarini zao.

McCollum alistaafu katikati ya muongo huo, akaandika historia ndefu ya sayansi ya lishe iliyotoka mwaka 1957, na kitabu cha maisha yake mwaka 1964. Hakupata Tuzo ya Nobel. Alifariki Novemba 15, 1967 akiwa na umri wa miaka 88, na Steenbock akamfuata siku ya Krismasi. Mwaka huo huo Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda, miongoni mwa wengine, kwa George Wald, aliyeeleza jinsi jicho linavyoitumia vitamini A kuona mwanga hafifu. Na Wisconsin, jimbo la mwisho kufanya hivyo, iliruhusu majarini ya manjano iuzwe madukani.